Sindano Haipokelewi Mkononi

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na Kiyembe, mtaa wa maduka ya vitambaa, ilikuwa imejaa kama Jumamosi zake zote. Majora ya vitambaa yalisimama milangoni kama walinzi, mafundi barazani walikanyaga cherehani, na wachukuzi walipita na mizigo vichwani wakitaka wapishwe. Perpétue alijipenyeza hadi kwenye kaunta ya duka la nyuzi na vifungo. Alivaa gauni la kitenge cha manjano lenye ndege wa buluu, alilolikata na kulishona mwenyewe. Lilimkaa vizuri, naye alijua.

"Nipe shindano za mashine," alimwambia mwenye duka. "Zile za kushona jinzi."

"Shindano la nini, dada?" sauti ya mwanamume iliuliza nyuma yake. "Nani anashindana na nani?"

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la samawati lililopigwa pasi vizuri, na begani alining'iniza begi jeusi ambalo zipu yake ilikuwa imefumuka kama mdomo wa mlevi.

"Kwetu Bukavu ni shindano," alimjibu. "Kwenu munasemaje?"

"Sindano. Shindano ni mbio, ni mpira."

"Basi wewe kimbia. Mi nashona."

Mwenye duka, mama wa Kiganda aliyekuwa na wateja wengine wanne wakimsubiri, aliitupa pakiti kwenye kaunta. "Swahiri yenu mupiganie huko nje. Mimi nauza."

Kijana alicheka, akaichukua ile pakiti na kumnyooshea Perpétue. Perpétue akakunja vidole vyake vyote na kuvificha nyuma.

"Weka chini."

"Kwa nini? Nina ukurutu?"

"Kwetu shindano hawapeane mkono kwa mkono. Inashona ugomvi kati ya watu. Weka chini, mi nitaiokota."

Kijana aliiweka pakiti juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na Perpétue akaiokota. Kisha akatazama lile begi, kwa sababu fundi hawezi kupita mbele ya zipu mbovu akanyamaza.

"Begi yako inakufa."

"Ifufue, basi."

"Njoo Kabalagala, nyuma ya kituo cha mafuta. Uliza fundi wa Bukavu. Lakini uitoe vitu kwanza, mi sichunguzi mizigo ya watu."

Kijana huyo aliitwa Odera, mzaliwa wa Kisumu, na kuambiwa kwamba fundi huyu hachunguzi mizigo ya watu kulimfurahisha kuliko Perpétue alivyojua.

*

Begi lilipata zipu mpya, na mwenye begi akapata sababu ya kurudi. Leo kifungo, kesho suruali ndefu mno, kesho kutwa hakuna sababu, amepita tu. Chumba cha Perpétue kilikuwa kimoja, mbele cherehani, nyuma ya pazia kitanda. Wateja wake wengi walikuwa wasichana wa baa za Kabalagala waliotaka magauni ya kubana, na wao ndio waliokuwa wa kwanza kuona.

"Fundi, leo umenibana mpaka siwezi kupumua," mmoja alimwambia. "Mawazo yako yako wapi?"

Mawazo yake yalikuwa kwenye simu.

"Jaber," Odera alikuwa akisema kila mchana. Ni neno la Wajaluo la kumwita mwanamke mzuri. "Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utakonda. Kuja jioni, kuko ugali na sombe."

Aliwahi kumwuliza kazi yake. Odera alisema yuko na shirika dogo la afya, anagawa vifaa mitaani, hasa Bwaise.

"Vifaa gani?"

"Kondomu," alisema, na hapo akasita kidogo. "Na vitu vingine vya hospitali."

Perpétue alicheka hadi akaangusha mkasi. Tangu siku hiyo akamwita Bwana Kondomu. Odera akafurahi kuitwa hivyo, maana jina lile lilifunika mengine. Mwenye nyumba wake wa zamani, alipojua hivyo vitu vingine ni nini, alimtolea godoro nje.

Kila mmoja alikuwa na lake. Ukutani kwa Perpétue palikuwa na picha ya kijana mwenye shati jeupe la shule, macho makubwa, tabasamu la upande mmoja. Siku Odera alipoiona, alisimama mbele yake na kikombe cha chai mkononi hadi chai ikapoa.

"Nani huyu?"

"Mudogo wangu, Guerschom. Yuko Canada."

"Canada wapi?"

"Kule kwenye baridi."

Odera hakuuliza tena, siku ile wala baadaye. Perpétue alishukuru. Wakimbizi wote wa Bukavu aliowajua walikuwa na mtu aliyekwenda Canada au waliyemsubiri aende, na kanisani walikuwa wamemwimbia wimbo wa shukrani alipotangaza kwamba jina la ndugu yake limetoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa huko. Mama Victoire, kiongozi wa kina mama, bado alimwomba namba ya simu ya huko kila Jumapili.

Ukweli ni kwamba Guerschom hakuwahi kupanda hata ndege ya karatasi. Alianza kwa kuvuta dawa za kulevya, akaja kujidunga. Aliuza cherehani ya marehemu baba yao, cherehani waliyovuka nayo mpaka wa nchi ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Siku Perpétue alipogundua, aliinua godoro la mdogo wake akakuta mabomba ya sindano katika pakiti za karatasi nyeupe, zenye vifuniko vya kijani. Alimfungulia mlango.

"Usirudi mpaka uwe mutu," alimwambia.

Aliondoka bila viatu. Ni rahisi kusema mtu yuko Canada. Ni vigumu kusema ulimtoa nje bila viatu.

*

Ilikuwa Alhamisi, mvua inapiga mabati, Odera alipoingia mbio na begi lake. Simu ilikuwa sikioni. Polisi wa kituo cha jirani walikuwa wamemkamata mmoja wa watu wake, na alitakiwa aende amtolee maelezo.

"Jaber, niwekee hili. Lisilowe. Na usilifungue, tafadhali, ni vitu vya kazi."

"Nitakuibia kondomu?" Perpétue alimtania.

Odera hakucheka. Alimbusu kwenye paji la uso na kutoka.

Haki ya Mungu, Perpétue hakutaka kuchungulia. Lakini zipu aliyoitia kwa mikono yake mwenyewe ilikuwa imeuma uzi katikati, na fundi hawezi kuiacha kazi yake ikimwaibisha. Aliivuta nyuma ili atoe uzi. Begi likafunguka.

Pakiti za karatasi nyeupe, vifuniko vya kijani. Zilijaa hadi juu.

Aliketi. Akaona mkono mrefu uleule uliomnyooshea sindano kule Kiyembe ukimnyooshea Guerschom, na Guerschom, ambaye alilelewa katika nyumba moja naye, akipokea mkononi. Hakujiuliza swali hata moja. Mtu anayetafuta wa kubeba kosa lake, akimwona, humtwisha palepale.

Alichukua begi zima, akaenda nyuma kwenye pipa la taka chini ya paa la jirani, akamwagia mafuta ya taa, akawasha. Plastiki iliyeyuka ikatoa moshi mweusi wenye kunuka uliomkaa kooni hadi Odera aliporudi.

"Begi liko wapi?"

"Nimechoma."

Odera alikwenda nyuma, akarudi. Uso wake ulikuwa wa majivu kama pipa lenyewe. "Hizo zilikuwa za Bwaise yote. Nyingine hazijafika nchini, Perpétue. Hazipo."

"Nzuri. Basi hawatadunga."

"Watadunga. Watadunga na ya jana. Watadunga na ya mwenzao. Hakuna mtu aliyeacha kwa kukosa sindano safi. Nawapa ili siku wakitaka kuacha wawe bado wazima. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni kuua. Ulimuua mudogo wangu."

"Mdogo wako yuko Canada," Odera alisema polepole, na namna alivyolisema lile neno ilimchoma Perpétue kama pasi.

"Toka," alisema. "Toka kwangu."

Akatoka katika mvua bila begi. Ilikuwa mara ya pili Perpétue kufungua mlango ule kwa namna ile, na mkono wake ulilijua komeo.

*

Wikiendi nzima simu ililia na yeye akaitazama ikilia. Jumatatu asubuhi ujumbe uliingia: *Leo sipigi kwa sababu ya mapenzi. Pokea.*

Akapokea.

"Usikate," Odera alisema. "Guerschom yuko Bwaise. Anajua nakupigia, amenikubalia. Ijumaa alidunga na sindano ya rafiki yake, Oloya. Jana Oloya alipimwa, ana virusi vya UKIMWI, naye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia Guerschom. Kuna dawa za kinga, lakini zinaanza ndani ya siku tatu. Leo tukikosa, tumekosa. Anakataa kuzinywa."

Perpétue alishika ukingo wa cherehani. "Kwa nini anakataa?"

"Anasema maiti haijikingi. Anasema dada yake alishamzika. Ameniambia: mwite yaya, dada yangu, asipokuja niacheni."

"Ulijua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulijua ni ndugu yangu."

"Nilimwona ukutani kwako. Tangu siku ile najua."

Perpétue alikuwa ameshachukua pochi.

Bwaise ilikuwa imefurika. Pikipiki ilimshusha barabarani, akaingia kwa miguu juu ya mbao zilizotandazwa kati ya nyumba, maji meusi yakigonga vizingiti. Odera alimsubiri kwenye kona, bila shati la pasi, suruali imekunjwa magotini. Hawakusalimiana. Alimwonyesha kwa kidevu.

Guerschom alikaa juu ya tairi mbele ya banda la kuoshea magari. Amekonda, midomo imepasuka, lakini tabasamu la upande mmoja lilikuwepo bado.

"Yaya. Umevaa manjano."

"Kwa nini ulichukua shindano ya mutu?" Alitaka kusema jambo jingine, ikatoka hiyo.

"Safi hazikukuwa. Wanasema begi ya Odera ilichomwa na mwanamuke mumoja wa Kabalagala."

Maji yaligonga ubao. Perpétue angeweza kunyamaza. Odera asingemtaja, aliona hilo kwa namna alivyoangalia pembeni. Akaketi juu ya ubao ule uliolowa, na gauni lake la ndege wa buluu.

"Ule mwanamuke ni mimi."

Guerschom akacheka, kicheko kilichoishia katika kikohozi. "Weye tangu zamani unachomaka vitu. Ulichoma viatu yangu ya mupira kule Bukavu juu ya kunuka."

"Kunywa dawa, Guerschom."

"Ni ya mwezi muzima. Inaombaka chakula, inaombaka pa kulala. Nitakunywa na maji ya mufereji?"

"Utakunywa kwangu."

"Na ile ingine sijaacha, yaya. Usije kufikiri. Nilijaribu. Sijaacha."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi yenyewe. Maneno ya zamani yalimjia mdomoni, *mpaka uwe mutu*, yamekaa tayari kama askari. Aliyameza. Yalishuka kwa shida.

"Sijakuuliza kama umeacha," alisema. "Nimekuuliza kama umekula."

Guerschom alishusha uso, akajifuta kwa kiganja. "Sijakula."

"Simama, basi."

*

Vidonge vilikuwa vikubwa, na vilimtapisha. Perpétue alimpikia uji wa ulezi, akamshikia beseni, akamtandikia mkeka kati ya cherehani na mlango. Mkebe wa manjano wa kuwekea sindano zilizotumika aliuweka kwenye rafu, kando ya kopo alimotia sindano za cherehani zilizokatika, kwa kuwa baba yao aliwafundisha kwamba sindano iliyokwisha kazi haitupwi ovyo, mtoto ataikanyaga. Aliyatazama yale makopo mawili sambamba akashangaa kwamba jambo hilo alilijua tangu akiwa mdogo.

Odera aliwaletea sindano safi zilipofika. Aliziweka juu ya meza, Guerschom akaokota. Alimwuliza Guerschom hali, akamjulia Perpétue hali kama anavyojuliwa mama wa mgonjwa, akaondoka. Wasichana wa baa hawakutania tena. Simu za mchana zilikwisha, na Perpétue alijiambia kwamba ndivyo inavyostahili.

Jumapili moja Mama Victoire alipita kumchukua waende kanisani, akamkuta Guerschom mlangoni akimenya viazi.

"Yesu," alisema Mama Victoire. "Si uko Canada?"

"Nilirudia, mama," Guerschom alisema. "Kule baridi ni mingi."

Mama Victoire alianza kucheka, halafu akaona alama za sindano mikononi mwa Guerschom, akaacha. Perpétue alitoka nyuma ya pazia akiwa amefunga kilemba nusu.

"Hakuendaka Canada, mama. Nilimufukuza. Nikawadanganya, mukaniimbia. Leo nitasema mbele ya kina mama wote, na mukitaka munifukuze na mimi."

Hawakumfukuza. Wengine walinuna, na Mama Victoire hakumsemesha muda mrefu. Lakini alituma kuku.

*

Siku ya majibu ya vipimo ilifika. Guerschom aliingia kwa daktari peke yake, akatoka na uso usiosomeka. Odera na Perpétue walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje, nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Virusi, hapana," Guerschom alisema. "Ile ya maini, iko. Ya C. Wanasema inatibiwa, vidonge ya miezi tatu." Aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Musilie hapa, munanipa haya. Niko kwenye chapati." Akavuka barabara.

Perpétue hakulia. Alitazama mikono yake.

"Niambie kweli. Ni siku zile? Ni moto wangu?"

"Sijui," Odera alisema. "Inawezekana alikuwa nayo zamani. Inawezekana ni wiki ile. Damu haisemi tarehe."

"Nidanganye."

"Nilikwisha kukudanganya mara moja. Niliona picha ukutani, nikanywa chai nikanyamaza. Nilikuambia kondomu tu, ukacheka, nikapenda ucheke. Ningekuambia siku ile begi ni la nini, usingewasha kiberiti. Kila nikipita Bwaise naliona hilo. Kwa hiyo usilibebe peke yako kama ndoo."

"Si kusema haliko."

"Lipo. Sijasema halipo."

Wakakaa nalo, hapo kwenye benchi, kama watu wanaosubiri gari moja. Kisha Perpétue akainama, akatoa kitu ndani ya mfuko wa nailoni. Lilikuwa begi la turubai nzito la kijivu. Mishono yake ilikuwa miwili miwili, na ndani palikuwa na mfuko wa pakiti safi, mfuko wa mikebe ya zilizotumika, na kijifuko kidogo cha chakula cha mchana cha mwenye begi. Zipu ilikuwa ya shaba.

"Hii haitauma uzi," alisema. "Ukiifungua mbele yangu ao usipofungua, ni sawa. Mi nimekwisha kujua ndani muko nini."

Odera alipitisha kidole juu ya mshono mzima. Halafu akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa karatasi iliyokunjwakunjwa, akaifungua juu ya ile nafasi iliyokuwa kati yao. Ndani palikuwa na pete nyembamba.

"Nimetembea nayo tangu kabla ya moto," alisema. "Nilitaka kuitupa kwenye ule mfereji wa Bwaise. Mara mbili. Sikuweza."

"Odera, mi sistahili."

"Nilisikia maneno uliyomwambia Guerschom siku ile kwenye tairi. Basi sikiliza, jaber. Sijakuuliza kama unastahili. Nimekuuliza kama utakuja Kisumu umwone mama."

"Hujaniuliza hiyo."

"Nauliza sasa."

Ng'ambo ya barabara Guerschom alikuwa akigombana na muuza chapati kuhusu mayai. Alikuwa bado mgonjwa. Alikuwa bado hajaacha. Kesho asubuhi angehitaji uji, kidonge na pakiti yenye kifuniko cha kijani, na hakuna harusi ambayo ingebadilisha hayo.

"Nikikuja, anakuja naye," Perpétue alisema.

"Mama yangu anapika samaki kwa sufuria kubwa."

Perpétue aliitazama pete ilipolala kwenye karatasi yake.

"Mbona umeiweka chini?"

"Si ndiyo desturi yenu? Nisishone ugomvi."

"Ile ni ya shindano," alisema. "Hii nipe mukononi."

Akanyoosha mkono wa kushoto, wenye vitobo vya sindano karibu kila kidole, na safari hii hakuukunja.